Programu Uliyoiandika Usiku ni ya Nani?



Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ameajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za malipo. Mchana anafanya kazi ya kampuni. Usiku, akiwa chumbani kwake, anaandika programu ndogo ya kutunza kumbukumbu za zaka na michango ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Inapokamilika anampelekea paroko wake bila kudai hata senti moja. Karani wa parokia anaifurahia, na parokia jirani nazo zinaiomba. Baada ya mwaka mmoja inakuja barua kutoka kwa ile kampuni: programu hiyo ni mali yetu, kwa sababu aliyeiandika ni mfanyakazi wetu na mkataba wake unasema hivyo.

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa mapema kanuni ya Kilatini isemayo nemo dat quod non habet, yaani hakuna awezaye kutoa asichokuwa nacho. Kanuni hiyo inaingia hapa moja kwa moja. Kama programu haikuwa mali ya kijana, hakuwa na cha kutoa, na parokia haikupokea zawadi bali inatumia mali ya mtu mwingine. Kama ilikuwa mali yake, basi kampuni ndiyo inayotaka kuchukua kitu isichokilipia. Kwa vyovyote vile, amri ya saba inaguswa.

Jambo lenyewe ni la kweli na liko karibu nasi. Vijana wa parokia zetu wanaajiriwa kuandika programu, wengine wakiwa Dar es Salaam au Nairobi huku mwajiri akiwa Ulaya au Marekani. Mkataba mrefu unafika leo na kesho umetiwa saini, kwa kuwa kazi yenyewe ilitafutwa kwa muda mrefu. Makala hii inaeleza sheria inaanzia wapi, mkataba unaweza kuongeza nini, na mafundisho ya Kanisa yanaweka mpaka wapi. Hoja yake ni moja: mwajiri ananunua kazi, hamnunui mtu, na mpaka kati ya hivyo viwili uwekwe mapema, kwa maandishi, na kwa uaminifu wa pande zote mbili.

Sheria inaanzia wapi

Machoni pa sheria, programu ya kompyuta ni andiko. Inalindwa na hakimiliki kama kinavyolindwa kitabu. Tanzania inafanya hivyo kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haki hiyo inazaliwa pale kazi inapoandikwa, haingoji kusajiliwa, na kwa kawaida mwenyewe ni yule aliyeandika.

Lakini kuna jambo moja linalobadilisha mambo, nalo ni ajira. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inasema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika kutekeleza ajira yake ni ya mwajiri tangu mwanzo, isipokuwa wamekubaliana vingine. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inafuata njia hiyohiyo. Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1976, wanakwenda mbali zaidi: mwajiri anahesabiwa kuwa ndiye mtunzi, kana kwamba aliyekaa mbele ya kompyuta hakuwepo.

Uzito wote uko katika maneno haya: katika kutekeleza ajira yake. Je, ni saa za kazi? Ni kompyuta ya ofisi? Ni chumba cha ofisi? Kesi mbili za Uingereza zinasaidia kuelewa.

Ya kwanza iliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1952. Mhasibu mmoja aliyeajiriwa na kampuni ya ushauri wa uendeshaji alitoa mihadhara kwa umma kuhusu taaluma yake, na baadaye mihadhara hiyo ikawa kitabu. Kampuni ikadai kitabu. Mahakama iliamua kwamba mihadhara ilikuwa mali ya mhasibu, kwa sababu hakuajiriwa kutoa mihadhara, ingawa ilihusu kazi aliyokuwa akiifanya kila siku. Lakini sehemu moja ya kitabu ilitokana na taarifa aliyoiandika kwa mteja kwa agizo la kampuni. Hiyo ikawa ya kampuni.

Ya pili iliamuliwa London mwaka 2021. Mfanyakazi wa kampuni ya uchunguzi wa kompyuta alidai kwamba programu fulani ni yake, na kwamba sehemu yake aliiandika nyumbani, nje ya saa za kazi. Alishindwa. Kuandika programu ile ndiyo hasa iliyokuwa kazi yake pale, na mtu hawezi kuibeba kazi aliyoajiriwa kuifanya, akaimalizia nyumbani usiku, kisha akasema ni yake.

Kwa hiyo saa na mahali ni dalili tu. Swali la msingi ni hili: je, kazi hii ni ile niliyoajiriwa kuifanya? Watu wengi hudhani kwamba kompyuta yao binafsi na taa ya nyumbani kwao vinatosha kuwalinda. Havitoshi. Kwa upande mwingine, waajiri wengi hudhani kwamba kila kinachotoka kichwani mwa mfanyakazi ni chao. Hilo nalo si kweli.

Aliyeajiriwa na aliyepewa kazi

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mwajiriwa na fundi anayepewa kazi moja. Kesi inayojulikana zaidi kuhusu jambo hili ilitokana na sanamu yenye sura ya Noeli. Shirika moja la Washington linalowatetea watu wasio na makao lilimwomba mchongaji James Earl Reid atengeneze sanamu ya familia isiyo na makao, baba, mama na mtoto mchanga, wamekaa juu ya tundu la mvuke la barabarani kama Familia Takatifu ya siku hizi. Baadaye pande mbili zikagombania haki ya sanamu hiyo. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba Reid hakuwa mwajiriwa. Alitumia zana zake, alifanya kazi katika karakana yake, na aliitwa kwa kazi hiyo moja tu. Kwa hiyo shirika halikuweza kudai kuwa ni mtunzi kwa sababu tu lilimwagiza na kumlipa.

Nchini Kenya jibu lingeweza kuwa tofauti, kwa sababu sheria ya 2001 inampa haki hata yule aliyeagiza kazi, isipokuwa wamekubaliana vingine. Tendo ni lilelile, majibu ni mawili. Parokia inayomlipa kijana aitengenezee mfumo wa kumbukumbu isidhani basi kwamba malipo peke yake yamemaliza jambo, wala kijana asidhani kwamba kuwa fundi huru kumemaliza jambo. Karatasi moja yenye saini mbili ingemaliza.

Mkataba unaposogeza mpaka

Hadi hapa tumezungumzia sheria pale ambapo mkataba uko kimya. Mikataba ya kampuni za programu mara nyingi haikai kimya. Ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba mwajiriwa anamkabidhi mwajiri uvumbuzi wote, mawazo yote na kazi zote atakazozitunga katika kipindi cha ajira.

Maneno hayo yana nguvu kiasi gani? Huko Texas, mwandishi wa programu alijiunga mwaka 1987 na kampuni ya mawasiliano ya DSC Communications, akatia saini mkataba wa namna hiyo. Baadaye alisema amepata kichwani njia ya kuchukua programu za zamani, ambazo zimebaki katika lugha ya mashine tu, na kuzigeuza ziwe msimbo ambao binadamu anaweza kuusoma na kuurekebisha. Alidai kwamba alilifikiria jambo hilo kwa muda wake mwenyewe, na hakuwa ameliandika popote. Alitaka makubaliano ya kugawana faida. Hawakuelewana. Mwaka 1997 alifukuzwa kazi, na shauri likaenda mahakamani. Mahakama ikaipa kampuni ushindi, na mwaka 2004 rufani yake ikashindwa. Wazo ambalo halijawahi kugusa karatasi lilihesabiwa kuwa mali ya mwajiri, kwa sababu mkataba ulisema hivyo na wazo lilihusu biashara ya kampuni.

Mahakama nyingine zimekuwa na tahadhari zaidi. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya shirikisho, California, ilisikiliza mgogoro wa kampuni mbili za wanasesere, Mattel na MGA. Mbunifu wa Mattel alikuwa ameleta wazo la wanasesere wa Bratz kwa MGA, na mkataba wake ulitaja kazi zilizofanywa wakati wowote katika kipindi cha ajira. Je, wakati wowote maana yake ni pamoja na usiku na mwisho wa juma? Mahakama ilisema maneno hayo hayako wazi kiasi cha kuamua bila kusikiliza ushahidi zaidi.

California ilikuwa tayari imeweka ukuta wa kumlinda mfanyakazi tangu mwaka 1979. Kifungu cha 2870 cha sheria yao ya kazi kinasema kwamba mkataba hauwezi kumnyang'anya mfanyakazi uvumbuzi alioufanya kwa muda wake wote mwenyewe, bila kutumia vifaa wala siri za biashara za mwajiri. Ukuta huo una milango miwili. Kama uvumbuzi unahusu biashara ya mwajiri, au utafiti ambao mwajiri anaufanya au inaonekana wazi kwamba atakuja kuufanya, ulinzi unaondoka. Vilevile kama umetokana na kazi ambayo mfanyakazi alimfanyia mwajiri. Mkataba unaovuka mpaka huo hautekelezwi. Jimbo la Washington lilitunga sheria ya kufanana na hiyo mwaka huohuo.

Kutokana na sheria hizi tunapata maswali manne ambayo yanafaa kila mahali, hata pale ambapo sheria yenyewe haitumiki. Nilitumia muda wa nani? Nilitumia vifaa vya nani? Nilitumia siri za nani? Na je, nilichokitengeneza kinafanana na biashara ya nani? Turudi kwa kijana wetu wa zaka. Muda ni wake, kompyuta ni yake. Lakini kampuni yake inatengeneza programu za malipo, na programu yake inahesabu michango. Swali la nne ndilo litakalomsumbua.

Haki ya mwajiri isidharauliwe

Ni rahisi kwa mhubiri kuigeuza mada hii iwe hadithi ya tajiri mkubwa na maskini mdogo. Tusifanye hivyo. Mwajiri ana sababu za haki.

Kwanza, maarifa hayaachwi getini. Fundi seremala anayeondoka jioni anaacha mbao karakanani. Mwandishi wa programu anaondoka na kila kitu kichwani: anajua wateja wanalalamikia nini, mfumo unakwama wapi, na kampuni inapanga nini mwakani. Akijenga usiku kile ambacho kampuni inajenga mchana, anajenga kwa matofali ya kampuni hata kama hakuna tofali lililoibwa.

Pili, kuna kishawishi cha kulimbikiza. Mtu anayelipwa kufikiri anaweza kuficha wazo zuri la saa nne asubuhi ili alitumie saa nne usiku. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inataja kati ya makosa dhidi ya amri ya saba kutumia mali ya shirika kwa faida binafsi na kufanya kazi vibaya. Mfanyakazi anayesinzia mezani kwa kuwa alikesha na mradi wake, huku akipokea mshahara kamili, ajitafakari mbele ya namba hiyo.

Tatu, kampuni inayouza programu inapaswa kumhakikishia mnunuzi kwamba inachouza ni chake. Vipande visivyojulikana ni vya nani vinaweza kuharibu biashara na ajira za wengine. Kifungu cha mkataba kinachoweka jambo hilo wazi si uovu.

Mwajiri amenunua nini?

Sasa tuingie katika falsafa. John Locke, katika kitabu chake cha pili kuhusu serikali kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689, anafundisha kwamba mtu anamiliki mwili wake na kazi ya mikono yake, na akichanganya kazi hiyo na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake. Wengi hutumia hoja hiyo kumtetea mfanyakazi. Lakini katika sura hiyohiyo Locke anahesabu mabonge ya udongo wenye nyasi yaliyokatwa na mtumishi wake kuwa mali yake yeye bwana. Kumbe kwa Locke kazi inaweza kuuzwa, na ikishauzwa matunda yake yanamfuata mnunuzi. Hoja ya jasho peke yake haitoshi. Inabidi tuulize ni kazi ipi iliyouzwa.

Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anamweleza mtumwa kuwa chombo chenye uhai na kwamba ni wa bwana wake mzima mzima. Mtumwa hana jioni yake. Hana kazi ambayo si ya bwana, kwa kuwa yeye mwenyewe ni wa bwana. Hapo tunapata kipimo. Mkataba unaodai kila wazo, la saa yoyote, kuhusu jambo lolote, unamchukulia mwajiriwa kwa namna ambayo Aristotle alimchukulia mtumwa, hata kama mshahara wake ni mnono na ofisi ina kiyoyozi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimsoma Aristotle kwa heshima, lakini hapa aliweka mpaka. Katika Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 104, kifungu cha 5, anauliza kama walio chini wanapaswa kuwatii wakubwa wao katika mambo yote. Anajibu hapana. Mtumishi anamtii bwana katika yale yanayohusu utumishi wake. Katika mwendo wa ndani wa utashi, mtu hamtii mtu bali Mungu peke yake. Tomaso hakuwa akizungumzia programu, na wazo la biashara si sawa na tendo la utashi. Hata hivyo kanuni yake inabaki: mamlaka ya mwajiri ina eneo lake, nalo ni ile kazi. Nje ya eneo hilo mwajiriwa si mdogo wa mtu.

Mapapa wa nyakati zetu wamejenga juu ya msingi huo. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano ya hiari juu ya mshahara hayatoshi kuufanya uwe wa haki. Kuna haki ya asili iliyo juu ya makubaliano, na anayekubali masharti magumu kwa kuogopa njaa anadhulumiwa hata kama alitia saini. Alizungumzia mshahara, lakini sababu aliyoitoa inaenea hadi kwenye masharti mengine ya mkataba. Katekisimu, namba 2410, inatuambia tushike ahadi na mikataba, kadiri yale tuliyoahidi yalivyo ya haki. Sehemu zote mbili za fundisho hilo zishikwe pamoja. Mkataba wa haki unafunga dhamiri hata ukiniumiza. Mkataba usio wa haki hauwi wa haki kwa saini yangu.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alisisitiza kwamba mtu ndiye kiini cha kazi, na kwamba mfanyakazi anahitaji kujua kuwa anafanya kazi kwa ajili yake pia, si kama kifaa tu. Miaka 10 baadaye, katika Centesimus Annus namba 32, aliandika jambo linalotuhusu hapa moja kwa moja: katika zama zetu, pamoja na ardhi, kuna umiliki wa aina nyingine ulio muhimu vilevile, umiliki wa maarifa, teknolojia na ujuzi. Babu zetu walikuwa na shamba. Kijana wa leo aliyepanga chumba mjini mara nyingi hana shamba. Ujuzi wake ndio shamba lake, na saa za jioni ndizo msimu wake wa kulima. Anayechukua hilo lote kwa sentensi moja ya mkataba hachukui kitu kidogo.

Yakobo na Labani

Maandiko Matakatifu yana kesi ya namna hii, katika Mwanzo sura ya 30 na ya 31. Yakobo amemtumikia Labani miaka mingi na mifugo ya Labani imeongezeka. Anauliza ni lini naye atashughulikia nyumba yake mwenyewe. Hiyo ni haja ya kila mwajiriwa mwenye familia. Wanakubaliana kwamba wanyama wenye madoadoa na mabaka, na wana-kondoo weusi, watakuwa wa Yakobo, na waliobaki wa Labani. Tazama hekima ya makubaliano hayo: alama iko kwenye ngozi ya mnyama. Siku ya kukagua, mtu yeyote mwenye macho ataona kilicho cha nani.

Labani, siku ileile, anawaondoa wanyama wenye madoa na kuwapeleka umbali wa safari ya siku tatu. Yakobo naye si mtakatifu katika hadithi hii. Anatumia ujuzi alioupata katika uchungaji na mifugo ya bwana wake ili kundi lake lipate wanyama wenye nguvu. Wana wa Labani wanapoona utajiri wake, wanasema kwamba ameupata kwa mali ya baba yao. Mgogoro hauanzi wakati kundi ni dogo. Unaanza kundi linapokuwa kubwa, kama ilivyo kwa programu: ikiwa na watumiaji watano hakuna anayeuliza ni ya nani.

Mwishoni Labani anatamka kwamba mabinti ni wake, watoto ni wake, kundi ni lake, na kila kinachoonekana ni chake. Kile kifungu cha mkataba kinachodai kila kitu si kipya. Labani alikitamka zamani. Na suluhisho lao linafundisha: wanakusanya mawe, wanafanya rundo, na wanaapa kwamba hakuna atakayelivuka kwa kumdhuru mwenzake. Wanaweka mpaka unaoonekana, mbele ya Mungu na mashahidi.

Tufanye nini?

Kwa mwajiriwa, shauri la kwanza ni kusoma mkataba kabla ya kutia saini, hasa sehemu yenye maneno uvumbuzi, hakimiliki, kukabidhi na siri za biashara. Angalia pia mkataba unafuata sheria ya nchi gani, kwa kuwa anayefanya kazi akiwa Moshi anaweza kujikuta chini ya sheria ya jimbo la Marekani. Kama una miradi uliyoianza kabla ya ajira, iorodheshe na uiambatanishe na mkataba. Kampuni nyingi zina nafasi ya orodha hiyo, na watu wengi huiacha tupu.

Shauri la pili ni kuuliza mapema. Steve Wozniak alikuwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard alipobuni kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka 1976. Aliipeleka kwanza kwa mwajiri wake, ambaye hakuitaka, naye akawa huru kuendelea. Kama angenyamaza, pengine kesi ingemsubiri mbele. Kuuliza kunaweza kukugharimu, kwa sababu jibu linaweza kuwa hapana. Lakini anayeuliza analala usingizi, na jibu la barua pepe lililotunzwa vizuri ni shahidi mzuri.

Shauri la tatu ni kutenganisha. Kompyuta ya ofisi isiguse mradi wako, wala akaunti ya ofisi, wala kipande cha msimbo ulichokiandika kazini. Weka tarehe. Ukitaka, sajili kazi yako COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kwani usajili unasaidia ushahidi. Na kama mradi ni mkubwa kiasi cha kutotenganishika, kuna njia ya Richard Stallman: Januari 1984 aliacha kazi yake katika chuo cha MIT ili chuo kisiweze kuingilia programu huru ya GNU aliyotaka kuigawa kwa watu wote. Si kila mtu anaweza kuacha mshahara, lakini mfano wake unaonyesha kwamba zawadi safi ina bei.

Kwa mwajiri, na wamo waajiri kati ya waamini wetu: dai kile unacholipia, na kile kinachogusa kweli biashara yako, kisha ishia hapo. Mwaka 2017 kampuni ya GitHub ilitoa hadharani mkataba wa mfano ambao unamwachia mfanyakazi kazi za muda wake zisizohusu biashara ya kampuni. Mkataba kama huo unaweza kunakiliwa na kurekebishwa na mwanasheria wako.

Kwa parokia na taasisi zetu: mtu anapoleta programu kama sadaka, tumshukuru, kisha tumuulize kwa upole kama ameajiriwa wapi na kama mwajiri anajua. Tukimlipa fundi, tuandike programu itakuwa ya nani, nani anaweza kuirekebisha, na nani anatunza takwimu za waamini. Kupokea bila kuuliza si ukarimu.

Linabaki tatizo la kijana asiye na nguvu ya kujadiliana. Ameambiwa atie saini leo au nafasi apewe mwingine, na nyumbani wanamtegemea. Leo XIII aliandika kwa ajili ya mtu huyo, wakati ambapo kiwanda kilikuwa cha makaa na si cha programu. Kumwambia tu asome mkataba ni kumwachia mzigo peke yake. Karibu kila parokia ya mjini ina wanasheria na maofisa rasilimali watu wanaokaa nasi katika mabenchi yaleyale. Saa moja baada ya Misa ya pili, mara moja kwa mwezi, kijana aje na mkataba wake na mtu anayeelewa lugha hiyo amsomee kifungu kwa kifungu kabla kalamu haijagusa karatasi. Hiyo pia ni huduma ya haki, na tunaweza kuianza bila kungoja sheria mpya.